Gazeti ni la kusoma, si la kufungia maandazi

Wino wa gazeti haukauki. Wa kitabu hukauka, wa boksi la majani ya chai hukauka, lakini huu unaokutia weusi vidoleni hubaki na umajimaji wake hata gazeti likilala kabatini mwaka mzima. Sababu yake ni haraka ya usiku. Mtambo wa kawaida wa magazeti huvuta karatasi kwa kasi kubwa, hauna tanuri la kukaushia, na gazeti lazima liwe garini kabla ya alfajiri. Kwa hiyo wino wake umetengenezwa ili unywewe na karatasi badala ya kukauka juu yake. Weusi wake ni masizi. Kinachoyabeba masizi ni mafuta, na kwa miaka mingi mafuta hayo yametokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, jamaa wa yale yanayomiminwa kwenye injini. Wakemia huyaita mafuta ya madini.

Sasa tazama yanayotokea saa moja asubuhi kwenye kituo chochote cha daladala au matatu. Maandazi yanatoka kwenye karai, yanachuruzika, yanalazwa juu ya ukurasa wa michezo. Mafuta ya kukaangia yana moto, na mafuta ya wino yamo ndani ya karatasi, hayajashikamana na chochote. Mafuta huyeyusha mafuta, na joto huharakisha kazi. Mnunuzi akifungua kifurushi chake ofisini huona herufi zimejipiga chapa kinyumenyume kwenye ngozi ya andazi. Masizi anayaona na pengine anayakwangua kwa kucha, ila mafuta ya madini hayana rangi, na hayo anayala.

Si maandazi peke yake. Bajia, kachori, vitumbua, samaki wa kukaanga, mishikaki, chipsi za jioni, vyote vimepitia humo. Karanga zina karatasi zao: madaftari yaliyokwisha, fomu za ofisi, na mara nyingine majibu ya mtihani wa Historia wa mtoto wa watu, alama zake zikiwa wazi kwa kila mla karanga. Nyumbani hatuna nafuu. Nani hajaona sinia limetandikwa gazeti ili sambusa zijikaushe mafuta? Tunafanya hivyo kwa nia njema kabisa, tukiamini tunapunguza mafuta mwilini, kumbe tunabadilishana: gazeti linachukua ya alizeti na kutoa ya kwake.

Tusitishane. Hakuna atakayelazwa kwa sababu ya andazi moja lenye kichwa cha habari mgongoni. Madhara haya ni ya polepole, ya kula kidogokidogo kwa miaka, na ndiyo maana yalichelewa kutiliwa maanani. Mafuta ya madini yana sehemu mbili kuu. Moja hujilimbikiza mwilini, hasa kwenye ini, tezi za limfu na mafuta ya mwili. Ya pili, ya aromatiki, ndiyo inayotisha zaidi, kwa sababu baadhi ya molekuli zake, zile zenye pete tatu au zaidi, zinaweza kuharibu vinasaba na kuanzisha saratani. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilitoa tathmini yake mwaka 2012 na kuipitia upya mwaka 2023. Katika mapitio hayo sehemu ya kwanza ilionekana haina tishio kwa viwango vinavyoliwa sasa, lakini wasiwasi juu ya ile ya aromatiki ulibaki palepale.

Aliyelifikisha jambo hili mezani kwa Wazungu ni mkemia wa Uswisi, Koni Grob, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya serikali ya jimbo la Zürich. Kule hakuna anayefungiwa chakula kwa gazeti siku hizi. Hata Waingereza na chipsi zao za samaki waliacha kitambo. Lakini Grob na wenzake waliyakuta mafuta ya wino wa magazeti ndani ya mchele, tambi, unga na nafaka za kifungua kinywa. Yalifikaje huko? Kwa njia ya maboksi. Magazeti ya zamani hukusanywa, huvurugwa na maji mpaka yawe rojo, na rojo hiyo hutoa kadibodi ya boksi la nafaka. Masizi mengi huondoka katika usafishaji. Mafuta hubaki.

Kilichowashangaza wengi ni safari yake ndani ya boksi. Chakula hakikuhitaji kugusa kadibodi. Molekuli nyepesi za mafuta hayo hupaa kama mvuke katika joto la kawaida la ghala, huvuka mfuko wa ndani, kisha hutua kwenye chakula kikavu ambacho hukaa dukani miezi mingi. Mfuko wa ndani ukiwa wa karatasi hauzuii kitu, na ule wa plastiki laini ya politheni hauzuii chochote cha maana. Kinachozuia ni karatasi ya alumini, au plastiki ya aina ya PET, ile ya chupa za maji. Kipimo kilichotumika wakati ule kama mstari wa tahadhari kilikuwa miligramu 0.6 kwa kilo moja ya chakula, na vyakula vingi vilivuka mstari huo mara kumi na zaidi. Habari ilipotoka hadharani mwaka 2011, baadhi ya kampuni za nafaka za Uingereza, Jordans ikiwa mojawapo, ziliachana na kadibodi ya karatasi kuukuu. Mwaka uliofuata shirika la Ujerumani la kupima bidhaa, Stiftung Warentest, lilipima kalenda 24 za chokoleti za kusubiria Krismasi, zile ambazo mtoto hufungua kidirisha kimoja kila siku. Zote 24 zilikutwa na mabaki ya mafuta ya madini.

Wala wino hauhitaji kupitia kwenye rojo ili ufike kwenye chakula. Novemba 2005, serikali ya Italia ilikamata takriban lita milioni 30 za maziwa ya watoto ya Nestlé baada ya kukutwa na kemikali iitwayo ITX. Kemikali hiyo huwekwa kwenye wino ili ukauke mara moja unapomulikwa na mwanga wa urujuanimno. Wino ulikuwa nje ya pakiti na maziwa yalikuwa ndani, na katikati yao kulikuwa na tabaka zisizopitisha kitu. Siri ilikuwa kwenye jora. Karatasi ya pakiti ikishachapwa huviringwa, na ikiviringwa uso wa nje hukaa umeubana uso wa ndani kwa siku na wiki, hadi wino unaacha alama isiyoonekana upande utakaogusa maziwa. EFSA ilisema kiasi kile hakikuwa na hatari kiafya, ila hakikupaswa kuwamo. Mwaka 2009 mchezo ukarudi kwa jina jingine, safari hii kemikali ya jamii ya benzofenoni ndani ya nafaka za kifungua kinywa Ujerumani na Ubelgiji.

Kwa kawaida mtu angetarajia kwamba bara lenye kanuni juu ya urefu wa kila kitu lingekuwa limeshaliweka hili sawa. Halijaweka. Sheria mama ya Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1935 ya mwaka 2004, inasema kwa jumla kwamba kifungashio kisitoe kwenye chakula kitu cha kuhatarisha afya ya mtu, kubadilisha chakula kwa namna isiyokubalika, au kuharibu ladha na harufu yake. Kiambatisho chake kinataja makundi 17 ya vifaa vinavyogusa chakula. Plastiki imepewa kanuni yake maalumu, namba 10 ya mwaka 2011, yenye orodha ya kemikali zinazoruhusiwa na mipaka ya kiasi kinachoweza kuhamia kwenye chakula. Kisichoorodheshwa hakiruhusiwi kutengenezea plastiki hiyo. Karatasi imo kwenye kiambatisho kama jina tu. Haina kanuni yake ya Ulaya nzima, haina orodha.

Kila nchi ikajipangia. Ujerumani ina mapendekezo ya taasisi yake ya tathmini ya hatari, BfR, na yale ya namba 36 ndiyo yamekuwa kama msahafu wa viwanda vya karatasi hata nje ya Ujerumani, ingawa kisheria ni mapendekezo. Ufaransa ilichagua njia ninayoiona kuwa ya akili zaidi, ya kuufuata wino kwenye chanzo chake. Sheria yake ya Februari 2020 dhidi ya upotevu ilipiga marufuku mafuta ya madini kwenye vifungashio kuanzia 2022 na kwenye machapisho ya umma kuanzia 2025. Ukilisafisha gazeti, umelisafisha na boksi litakalotokana nalo. Na haliko nje ya uwezo wa wachapaji: gazeti la The Gazette la Cedar Rapids, huko Iowa, lilijaribu wino wa mafuta ya soya tangu 1987. Wino wa rangi wa soya ulienea haraka. Ule mweusi ulichelewa, kwa sababu wa mafuta ya madini ulibaki kuwa wa bei rahisi. Na hili ni jambo la kuwauliza wamiliki wa magazeti ya kwetu, wakiwamo walio na mamlaka ya kuifuta sentensi hii.

Kwa nini karatasi iliaminiwa wakati plastiki ilishukiwa? Nadhani kwa sababu inatokana na mti. Kitu cha mti kinaonekana kisafi, na kikiwa cha rangi ya kaki ndiyo kabisa, kinaonekana kimetoka shambani. Lakini karatasi tupu ni kitu dhaifu. Inalowa maji, inapitisha mafuta, inachanika. Ili ibebe chipsi lazima iongezewe kitu, na hapo ndipo shaka huanza.

Kwa zaidi ya nusu karne kitu hicho kilikuwa kemikali za florini, kundi kubwa linaloitwa PFAS. Kampuni ya Marekani ya 3M iliuza dawa ya kutia kwenye karatasi kwa jina la Scotchban. Karatasi iliyotiwa ilikataa mafuta na maji kwa pamoja, jambo ambalo nta haiwezi. Mei 2000, 3M ilitangaza kuachana na kemikali mama ya dawa hiyo baada ya kubainika kwamba haiozi na imeshasambaa katika damu za watu duniani. Viwanda vikahamia kwa ndugu zake wenye molekuli fupi, vikisema hawa ni wapole, nao baadaye wakakutwa wakikawia mwilini kuliko ilivyodhaniwa. Denmark ilichoka kufukuzana na mmojammoja. Julai 2020 ikawa nchi ya kwanza kukataza kundi zima kwenye karatasi za chakula. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikatangaza kwamba watengenezaji wameacha kuuza dawa hizo nchini humo kwa ajili ya vifungashio vya chakula. Ulaya nayo, kwa Kanuni namba 40 ya mwaka 2025, imeweka tarehe 12 Agosti 2026 kuwa mwanzo wa ukomo mkali: sehemu 25 tu katika bilioni kwa PFAS yoyote inayopimwa peke yake.

Soma mfuatano huo kwa jicho la mfanyabiashara. Bidhaa inapofungiwa milango Copenhagen na Chicago haifi siku hiyo. Inatafuta bandari isiyouliza.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Rwanda iliikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zilikuwa hatua nzuri, na mitaro inashuhudia. Lakini karatasi iliyochukua nafasi ya plastiki haikuulizwa swali hata moja. Dukani kwa Mangi sukari ya nusu kilo inapimwa kwenye kaki, chipsi zinatiwa kwenye vibahasha vyeupe vinavyong'aa kwa ndani, keki zinakaa kwenye maboksi yenye kidirisha. Baadhi ya karatasi hii ni ya hapa, mfano kaki ya kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi, inayotokana na misonobari ya nyanda za juu. Nyingine inashushwa melini ikiwa majora au vifungashio kamili. Nyingine inatengenezwa kwa mabaki yanayookotwa mijini. Rangi ya kaki haitofautishi hizo tatu. Karatasi ya mti mbichi ina kaki yake na ya takataka ina kaki yake, na kwa macho zinafanana.

Ya takataka ina mengi ndani yake. Fikiria risiti za mashine za kodi, EFD, tunazokumbushwa kudai kila tunaponunua kitu. Hazina wino kabisa. Maandishi hutokezwa na joto kwenye tabaka la kemikali, na kemikali iliyotumika zaidi kwa miaka mingi ni bisfenoli A, inayovuruga homoni. Tangu Januari 2020 Umoja wa Ulaya hauruhusu karatasi ya aina hiyo iuzwe ikiwa na bisfenoli A kufikia asilimia 0.02 ya uzito wake. Risiti zikichanganywa na karatasi nyingine kwenye rojo, kemikali hiyo huenda nazo mpaka kwenye kadibodi mpya. Ni vivyo hivyo kwa vitabu vya risiti vinavyojinakili vyenyewe, na kwa gundi za mabahasha. Hakuna kiwanda kinachoziweka kwenye boksi la pitsa kwa makusudi. Zinafika zenyewe, kwa sababu mwokota karatasi hulipwa kwa kilo, wala hana sababu ya kuchambua.

Sitaki nieleweke kwamba tuache kurejeleza karatasi. Boksi la viatu, trei ya mayai, katoni ya kusafirishia sabuni vinafaa kabisa kutokana na karatasi kuukuu, na miti inapona. Ninachokataa ni kulifanya tumbo letu kuwa kituo cha mwisho cha rojo hiyo.

Na mkulima wa kwetu tayari amewahi kubadilishiwa kifungashio kwa sababu ya mafuta haya haya ya madini, ila haikuwa kwa ajili yetu. Nyuzi za juti hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa, na zamani yalikuwa ya madini. Katika miaka ya 1990 maabara za Ulaya ziliyakuta kwenye kahawa, kakao na njugu zilizosafirishwa kwenye magunia hayo. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Juti likatoa kiwango: magunia ya vyakula hivyo yalainishwe kwa mafuta ya mimea. Tangu hapo wanunuzi wakaanza kudai magunia ya kiwango hicho. Mlaji wa Hamburg akalindwa kwa gunia, na aliyeivuna kahawa anafungiwa bajia zake kwa gazeti.

Sheria tulizonazo ni za jumla. Ya Kenya ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inamtia hatiani anayeuza chakula chenye kitu cha sumu au cha kudhuru. Tanzania, tangu Julai 2019, usalama wa chakula umehamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Sheria ya jumla ina udhaifu wake: inamtaka afisa athibitishe kwamba andazi hili lina madhara, kwa mashine ambazo halmashauri haina, dhidi ya mama aliyeamka saa tisa usiku. Hakuna hakimu atakayeisikiliza kesi hiyo kwa hamu, na mimi ningekuwa wa kwanza kumtetea mama.

India imeshaonja ugumu wake. Desemba 2016 mamlaka yao ya chakula, FSSAI, iliwaonya wananchi juu ya kufungia chakula kwa magazeti. Kanuni zao za vifungashio za mwaka 2018 zikalikataza jambo hilo waziwazi. Septemba 2023 mamlaka hiyohiyo ikalazimika kutoka tena na kuwasihi wauzaji waache. Katazo lipo, gazeti la kilo ni rahisi kuliko karatasi safi, na muuzaji wa sambusa anajua hesabu zake. Kumnyang'anya karai hakubadilishi bei ya karatasi.

Kwa hiyo mzigo abebeshwe mwenye uwezo wa kuubeba. Anayetengeneza au kuingiza karatasi ya chakula atoe tamko la maandishi: imetokana na nini, imetiwa nini, inafaa kwa chakula gani, kikavu au cha mafuta, baridi au cha moto. Tamko liifuate karatasi kutoka kiwandani hadi kwa muuzaji wa jumla Kariakoo au Gikomba. PFAS zikatazwe sasa kwenye karatasi za chakula, maana ni rahisi kukataza kitu kabla hakijapata watetezi wenye viwanda. Na kodi kwenye karatasi safi ya chakula itazamwe upya. Ikishuka, gazeti la kilo litapata mshindani.

Wakati tunasubiri, jikoni kwako hakuna wa kukuzuia. Sambusa zijichuje kwenye chujio la waya juu ya bakuli. Ukienda kununua maandazi beba chombo chenye mfuniko, kama walivyofanya wazee wetu na vikapu vyao. Nafaka za boksi zihamishie kwenye kopo la bati au chupa ya kioo mara tu zinapofika nyumbani. Usipashe chakula moto kikiwa ndani ya boksi lake. Na ukitaka kukijaribu kibahasha cha chipsi, dondoshea tone la mafuta ya kula sehemu isiyo na tabaka la plastiki. Tone likienea na kuingia, ni karatasi ya kawaida. Likijikusanya kama tone la umande lisiingie, ipo sababu ya kumuuliza muuzaji kimetoka wapi. Si kipimo cha maabara, kwani ipo karatasi inayokataa mafuta kwa namna ilivyosagwa tu, lakini swali lenyewe halina gharama.

TBS, KEBS ya Kenya, UNBS ya Uganda na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamezoea kuandika viwango vya pamoja, na karatasi inavuka Namanga, Mutukula na Rusumo kila siku. Waandike kimoja cha karatasi inayogusa chakula, na kifungu chake cha kwanza kiwe kifupi kiasi cha kubandikwa kwenye kila genge: karatasi iliyokwisha kuchapwa kwa kazi nyingine isiguse chakula.